Kuwaalika mabloga kwenye mdahalo wa wagombea wa Kongresi: kamati yetu imegawanyika, nifanyeje?

Swali: "Naishi Lewiston, Maine. Nilikuja 2016 na watoto wangu kutoka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, sasa ni raia. Chama chetu cha jamii, tumesajiliwa kama taasisi isiyolipa kodi, pamoja na makanisa mawili tunaandaa mdahalo wa wagombea wa Kongresi wa wilaya yetu mwezi wa kumi, kwenye ukumbi wa shule. Gazeti limesema litaangalia kama lina mtu wa kutuma. Mimi nikasema tuwaite mabloga, na vijana wetu wenye chaneli za Kiswahili, basi kamati ikagawanyika. Mzee mmoja anasema bloga si mwandishi, hana leseni, ataleta fujo. Mwingine anasema kuna bloga mmoja anajulikana kabisa yuko upande wa mgombea fulani, tukimwita tutanyang'anywa usajili wetu wa kodi. Na vijana wetu wengine wana grini kadi tu, wengine bado wana kesi ya hifadhi, wakirusha laivu siasa za Marekani si wataharibu makaratasi yao? Halafu tuwalipe kitu kidogo au? Nisaidie, mkutano ni wiki ijayo na mimi ndo nimepewa kazi ya kuandika barua."

Dada yangu, pole na hongera kwa pamoja. Pole kwa kamati, maana nazijua, mimi nilitoka redioni Dar nikaja huku na miaka yote hii nasaidia vyama vya jamii kuandaa mikutano ya wagombea, na sijaona kamati hata moja ambayo haikuvutana juu ya nani aingie na kamera. Hongera kwa sababu umeuliza mapema, wengi wananiandikia siku mbili kabla, bloga keshafika mlangoni na mlinzi keshamzuia na yeye keshawasha laivu anasimulia jinsi anavyozuiwa.

Nikupe jibu fupi kwanza ili ulale: waalikeni wote, wa upande huu na wa upande ule, kwa karatasi moja yenye masharti yaleyale, iliyoandikwa kabla hamjajua nani atajibu. Hiyo karatasi iliyoandikwa mapema ndo kinga yenu, kwenye kodi, kwenye sheria ya uchaguzi, na kwenye maneno ya mtaani. Sasa twende taratibu.

Tuanze na mzee wa leseni. Simlaumu, anaongea kutokana na alikotoka. Sisi tuliokuwa Tanzania tunazikumbuka kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, bloga alitakiwa ajisajili, laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni nyingine kila mwaka, na mwezi Juni mwaka huohuo jukwaa la mtandaoni la JamiiForums likazima mitambo kwa muda. Mtu aliyepita huko akisikia neno bloga anawaza faini na polisi. Marekani hamna kitu hicho. Hakuna ofisi ya serikali inayotoa leseni ya uandishi, hata yule wa gazeti kubwa la New York hana leseni, ana kitambulisho cha mwajiri wake basi. Ile kadi mtakayomvalisha mtu shingoni siku ya mdahalo mnaichapa wenyewe kwa printa yenu, na maana yake ni kwamba huyu ana kiti na soketi ya umeme, haina maana nyingine.

Na hili la bloga kwenye uchaguzi wa shirikisho lilishaulizwa kitambo na likajibiwa. Inayosimamia fedha za kampeni za Kongresi ni Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, watu wanaiita FEC. Mwaka 2005 wenye tovuti za siasa za Fired Up waliiandikia kuuliza kama wao nao wanahesabika kuwa chombo cha habari, na hao hawakujificha hata kidogo kwamba wanawapenda Democrats, tume ikawajibu ndiyo, mnahesabika. Machi 2006 ikapitisha kanuni za intaneti zinazosema kinga ileile ya magazeti na televisheni, yaani kwamba habari na maoni havihesabiwi kuwa mchango kwa mgombea, inazihusu na tovuti, na mtu binafsi anayeandika siasa mtandaoni bila kulipwa hana cha kuripoti kwao. Sharti kubwa la hiyo kinga ni kwamba chombo chenyewe kisimilikiwe wala kuendeshwa na mgombea, chama au kamati ya siasa.

Hapo umeona tumeshamgusa na yule bloga wa upande fulani. Kuwa na upande hakumwondoi kwenye habari, kinachomwondoa ni kuwa mtu wa kampeni. Kwa hiyo kwenye fomu yenu wekeni swali moja, je unalipwa au unafanya kazi kwenye kampeni ya mgombea yeyote wa uchaguzi huu? Akisema ndiyo hamumfukuzi, anakuja na msafara wa mgombea wake, anakaa nao, ila meza ya habari siyo yake. Akisema hapana basi aingie hata kama kila posti yake ya mwaka mzima ina picha ya mgombea mmoja anacheka. Ila, na hapa nitaenda polepole kidogo, mkimwita huyo lazima mwenzake wa upande wa pili naye apate barua ileile, siku ileile. Asipokuja ni hiari yake. Tunza imeili zote za mwaliko, hata zile ambazo hazikujibiwa, maana kesho mtu akisema mlipendelea hutaki kuanza kukumbuka, unataka kufungua faili.

Sasa la kodi, kwa sababu hilo ndo linawanyima usingizi. Ni kweli kabisa taasisi kama yenu isiyolipa kodi, ile wanayoiita 501(c)(3) kwa jina la kifungu cha sheria ya kodi, haruhusiwi mtu kuitumia kumuunga mkono au kumpinga mgombea, hiyo ipo tangu 1954. Lakini mdahalo wenyewe si kampeni. Mwaka 1986 mamlaka ya kodi ilitoa uamuzi juu ya taasisi iliyotaka kufanya hichohicho mnachokifanya ninyi, mikutano ya wagombea wa Kongresi kwenye wilaya zao, ikasema sawa, mradi wagombea wapewe nafasi sawa, maswali yagusie mambo mengi mapana, yaulizwe na watu wasio na upande, na mwendesha mdahalo asitoe neno la kumsifu wala kumponda mtu. Kanuni za FEC nazo zinafanana na hizo: wagombea wawili au zaidi, mdahalo usipangwe kwa namna ya kumbeba mmoja, na vigezo vya nani anaingia jukwaani viwekwe kabla, tena uchaguzi mkuu huwezi kusema kigezo changu pekee ni kwamba huyu kateuliwa na chama.

Unaona kwamba hayo yote yanahusu jukwaa, maswali na mwendesha mdahalo, hayahusu bloga aliyekaa meza ya nyuma. Bloga akienda nyumbani akaandika mgombea fulani kagaragazwa, hayo ni maneno yake. Mnaweza kujiponza wenyewe kwa kitu kimoja tu ambacho hakuna mtu kwenye kamati yenu amekitaja, nacho ni ukurasa wa Facebook wa chama. Kesho yake asubuhi kijana anayeushika ataona klipu ya rafiki yake, kichwa cha habari "alivyomnyamazisha mwenzake", atabonyeza kushea. Hapo ndo taasisi imeongea. Chagueni mtu mmoja wa kushika huo ukurasa wiki hiyo, na anachoweka ni video nzima ya mdahalo tu, hakuna klipu, hakuna moyo, hakuna kidole gumba juu ya posti ya mtu. Linki za tovuti za wagombea kama mnaziweka muweke za wote, kwa mpangilio wa alfabeti.

Mzee akibaki anasema "basi tuwachague wale watulivu tu", msimulie ya Arkansas. Mwaka 1992 televisheni ya umma ya kule iliandaa mdahalo wa wagombea wa Kongresi wa wilaya ya 3, mgombea binafsi mmoja, Ralph Forbes, hakuitwa, akashtaki. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani na 1998 akashindwa, kwa kuwa ilionekana aliachwa kwa sababu hakuwa na wafuasi wa kutosha, hakuachwa kwa ajili ya maoni yake. Ile ilikuwa televisheni ya serikali na ninyi ni chama binafsi, sheria inayowabana si ileile, lakini mimi kipimo hicho nakitumia mpaka kwenye meza ya habari. Ukitaka kumwacha mtu nje, sababu iwe kitu unachoweza kukitaja mbele za watu: fomu ilichelewa, viti vimejaa, hana kazi yoyote aliyowahi kuchapisha miezi sita iliyopita. Ukijikuta sababu unayo moyoni lakini kuisema unaona aibu, mpe kiti.

Haya, kwa nini ujisumbue na mabloga kabisa? Hili waeleze vizuri wenzako maana wanafikiri unataka tu makamera. Maine ina wilaya mbili tu za Kongresi na watu kama milioni 1.36 kwa hesabu ya 2020, kwa hiyo yenu ina watu karibu laki saba kasoro, na kwa eneo ndo kubwa kuliko wilaya zote zilizoko mashariki ya mto Mississippi. Mkulima wa viazi wa Aroostook hataendesha saa nne na zaidi kuja Lewiston kukaa kwenye kiti cha plastiki. Ukumbi wa shule ukijaa ni watu mia tatu. Wengine wote wataujua mdahalo wenu kupitia kitu mtu alichoandika au kukata, na siku hizi magazeti yamepungua mno, kuna kaunti zaidi ya 200 Marekani hazina chombo cha habari cha kwao hata kimoja. Gazeti likisema "tutaangalia kama tuna mtu" tafsiri yake usiitegemee.

Halafu usifikiri bloga ni mtu wa aina moja. Yule mama anayeandika kila wiki kuhusu bodi ya shule, yule mstaafu anayefuatilia bajeti ya jiji mpaka senti, wanafunzi wa gazeti la shule ya sekondari, kijana wa TikTok, kaka wa Kisomali mwenye laivu ya Facebook inayoangaliwa na nusu ya Lisbon Street, hao wote wana wasomaji wanaowaamini kuliko wanavyoliamini gazeti. Vyama vikubwa vilishaelewa zamani, mkutano mkuu wa Democrats wa 2004 pale Boston ulitoa vitambulisho kwa mabloga kwa mara ya kwanza, na 2024 Chicago waliingia zaidi ya 200 wenye chaneli na kurasa zao. Ninyi hamhitaji 200. Kwa wilaya yenu mkipata kumi na wawili mmepata wengi.

Lakini sikufichi, kuna hasara. Wengine wataandika vibaya juu yenu, mtaambiwa viti vilikuwa vigumu na mwendesha mdahalo anapendelea. Wengine watakata sekunde kumi na kuacha dakika mbili za maelezo. Klipu ndogo ina nguvu, Agosti 2006 seneta George Allen wa Virginia alimwita kijana mwenye kamera "macaca", jina la nyani na tusi la kibaguzi, mbele ya watu, video ikasambaa, Novemba akapoteza kiti. Ile ilikuwa haki yake kuonekana alivyo, ila klipu inaweza pia kumwonea mtu. Kinga ninayoijua ya klipu mbovu ni video nzima kupatikana haraka. Rekodini wenyewe mdahalo wote kwa kamera moja iliyotulia, wekeni usiku uleule, chini yake andikeni dakika za kila swali, na semeni wazi kwamba yeyote anaruhusiwa kukata na kutumia bila kuomba. CNN walifungua video za midahalo yao ya urais namna hiyo mwaka 2007 na hawakufa. Bloga akikata vibaya mwenzake atamsahihisha kabla ninyi hamjaamka, ninyi hamtakiwi hata kujibu.

Hivyo msiombe kusoma kabla hawajachapisha. Msiwaambie wasiandike nini. Nimeona kamati moja, sitaitaja, ilimpa kila bloga karatasi asaini kwamba "hataandika jambo la kuchafua tukio", wale mabloga waliipiga picha karatasi yenyewe na hiyo ndo ikawa habari ya mdahalo, wagombea walichosema kuhusu bima ya afya hakuna aliyekikumbuka. Na kampeni nazo zitawajaribu, watu wa mgombea watapiga simu kusema "fulani akiwepo mgombea wetu haji". Jibu lenu liwe karatasi, masharti ni haya, tuliyaandika mwezi wa nane, yanawahusu wote. Mwaka 1988 League of Women Voters, chama cha kiraia kisicho na upande kilichokuwa kikiandaa midahalo, walijitoa kabisa kuandaa mdahalo wa urais kwa sababu kampeni mbili zilikubaliana zenyewe mpaka nani akae ukumbini, wakakataa kushiriki udanganyifu. Sisemi mfike huko, nasema mna haki ya kumwambia mtu wa kampeni hapana.

Na akijitoa kweli? Kenya tumeona yote mawili, 2017 Raila alisimama jukwaani peke yake Uhuru hakuja, 2022 Ruto akasimama peke yake Raila hakuja. Kwenu sheria inataka wagombea wawili au zaidi, kwa hiyo mkibaki na mmoja msiendelee tu kama kawaida, mpigieni mwanasheria kwanza, na mabloga muwaambie mapema hata kama ni kwa meseji, maana aliyeendesha gari saa tatu akakuta ukumbi umefungwa ana mengi ya kuandika. Tena Maine mnatumia kura ya kupanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, na kuendelea, na asipopatikana wa zaidi ya nusu, kura za walioshindwa zinahamia kwa chaguo linalofuata. 2018 kwenye wilaya yenu hiyohiyo Poliquin wa Republican aliongoza hesabu ya kwanza, hakuna aliyefika nusu, zilipogawanywa kura za wagombea binafsi wawili Golden wa Democrats akashinda. Mgombea "mdogo" kwenu si mapambo, mabloga watauliza kwa nini yuko au hayuko jukwaani, muwe na jibu lililoandikwa.

Sasa siku yenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoharibu. Bloga anahitaji meza, umeme, intaneti na sauti, kwa mpangilio huo ukipenda. Meza kwa sababu anaandika huku anasikiliza, ukimpa kiti cha kawaida atashika laptop magotini na baada ya nusu saa anachoka anaondoka. Umeme ni ekstensheni, zibandikeni sakafuni kwa tepu watu wasijikwae. Waifai ya shule usiiamini mpaka umeijaribu, na usiijaribu saa nane mchana ukumbi mtupu, ijaribu kwenye shughuli nyingine ukumbi ukiwa umejaa, upande wa kupandisha video ndo unaokufa kwanza, watu mia tatu wakifungua simu laivu inaganda. Mimi iliwahi kunikuta, dakika ya kumi na tano kila kitu kikafa na nilikuwa nimeshaahidi laivu tano, sura yangu siku hiyo sitaki kuikumbuka. Siku hizi naomba laini tofauti yenye nywila ya meza ya habari tu. Sauti, mwambie fundi mitambo atoe waya mmoja kutoka kwenye miksa uje mezani wajiunge, la sivyo kila video itakuwa na kikohozi cha mtu wa mbele na maiki mbali.

Karatasi moja mezani: majina ya wagombea yaliyoandikwa sawasawa, vyama vyao, muda wa kila jibu, jina la mwendesha mdahalo, wapi video itawekwa, hashitegi moja, na namba ya mtu mmoja wa kuulizwa, ambaye ni wewe. Mwisho wa mdahalo tengeni dakika ishirini kwenye kona moja wagombea wakae waulizwe, gazeti na bloga kwenye foleni ileile, aliyefika kwanza anauliza kwanza. Na tangazeni mlangoni kwa bango kubwa kwamba mdahalo unarekodiwa, ili mama asiyetaka mtoto wake aonekane ajue akae wapi, mkiweza tengeni safu mbili ambazo kamera haielekezwi.

Vijana wa Kiswahili wanahitaji kitu cha ziada. Wakikaa nyuma ya ukumbi wakitafsiri kwa sauti, watu watageuka na mlinzi atawatoa, na hapo tutasema wametutenga. Waombeeni darasa la jirani, spika ndogo au skrini inayoonyesha jukwaa, warushe kutoka huko wapayuke wanavyotaka. Kaa nao jioni moja kabla mkubaliane maneno. Mkimbizi aliyeletwa na makaratasi yake kamili, na mwomba hifadhi ambaye kesi yake bado, hao sheria inawatofautisha sana na wagombea watawataja, mtafsiri akisema "wakimbizi" kwa wote, mama wa watu atazima simu akidhani anafukuzwa nchini. MaineCare, ile bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, iacheni MaineCare, msiitafsiri jina. Namba ziandikeni kwanza ndo mzitamke, nimesikia milioni ikigeuka bilioni laivu.

Kuhusu makaratasi yao. Kuhudhuria mdahalo, kuuliza swali, kuupiga picha na kuusimulia si kosa kwa mtu asiye raia. Makosa makubwa ni mengine: asiye raia kupiga kura uchaguzi wa shirikisho, au hata kujiandikisha kwa kudai ni raia, hayo yanaweza kumtoa mtu nchini, hivyo kama kuna meza ya kuandikisha wapiga kura siku hiyo muiweke mbali na meza ya kusaini mahudhurio, watu wetu wanasaini kila karatasi wanayopewa. Fedha pia, mwenye grini kadi anaruhusiwa kumchangia mgombea, asiye na grini kadi wala uraia haruhusiwi hata dola tano. Mwenye kesi ya hifadhi bado, au mwenye viza ya mwanafunzi, mimi sitamwambia rusha wala usirushe, jambo lake linategemea faili lake, hasa kama chaneli yake inamwingizia hela wakati hana kibali cha kazi. Huyo amwone wakili wake wa uhamiaji ana kwa ana, asiulize kwenye grupu la WhatsApp, na asiposhauriwa bado, mpeni kazi ya kushika kamera ya chama bila jina lake wala sura yake kuonekana, au asikilize tu kama wengine. Na mtu asimcheke kwa kuogopa.

Kuwalipa, hapana. Najua kwetu kuna ile bahasha ya nauli, mwandishi akija mkutanoni anatoka nayo, na asiyepewa anaandika kwa hasira. Huku bahasha hiyo itaharibu jina lenu na la bloga pia, mpinzani akijua atasema mlinunua habari na hutakuwa na la kujibu. Chai, maji, sambusa kwa kila aliye ukumbini, hiyo ni ukarimu, wekeni meza moja ya wote. Mwandishi wa gazeti anaweza kukataa hata sambusa, msione amewadharau, ndo kanuni zao.

Barua yenyewe iwe fupi, kwa Kiingereza na nakala ya Kiswahili kwa vijana. Mimi ningeandika hivi: "Tunakukaribisha kuhudhuria na kuripoti mdahalo wa wagombea wa Kongresi. Waandaaji hawamuungi mkono mgombea yeyote. Nafasi za meza ya habari ni 15, zinatolewa kwa anayejaza fomu kwanza kabla ya tarehe iliyotajwa, bila kujali chombo chako ni kikubwa au kidogo au una msimamo gani. Wafanyakazi wa kampeni wataketi na wagombea wao. Meza ina umeme, intaneti na sauti. Unaweza kurekodi na kuchapisha utakavyo. Tunaomba usiwashe taa ya kamera, usiulize swali kutoka kwenye kiti wakati wa mdahalo, na usizuie njia." Inatosha. Tuma wiki nne kabla, kumbusha wiki moja kabla, na yule ambaye hana nafasi mjibu, usimwache anasubiri.

Kabla ya kutuma kuna watu wawili wa kuonana nao uso kwa uso. Wa kwanza ni mwanasheria anayejua taasisi zisizolipa kodi, umpelekee vigezo vya wagombea na hii barua pamoja, wengi wanasaidia vyama vidogo bure na ni kazi ya saa moja kwake, na FEC nao wana dawati la maswali linalopokea simu za watu wa kawaida bila malipo. Wa pili ni mwenye ukumbi, maana ni shule ya umma na inaweza kuwa na masharti yake ya kamera na ya nani anaweza kuzuiwa kuingia, ukiyajua wiki hii unayaweka kwenye barua. Mkiona kampeni inawatisha kwa maandishi, au mtu ametishia mabloga wenu, hilo si la kamati tena, nendeni polisi na nakala mkononi.

Uchaguzi ni Jumanne tarehe 3 Novemba 2026, mdahalo ukiwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi mabloga wanapata wiki tatu au nne za kuandika, ukiwa mwishoni wengi watakuwa wameshapiga kura za mapema. Kama tarehe bado hamjaifunga, pambana na kamati kwa hilo kwanza, la mabloga litafuata.